Watoto Kumi na Mmoja wa Alfonsi

Ko. Ko-ko. Ko.

Mlio ulimfikia Bienfait kabla hajafumbua macho: nyundo juu ya mbao, kimya kidogo, nyundo tena. Hakuwa na haja ya kutoka nje. Kwa Assumani mvushaji walikuwa wanaziba nyufa za boti kwa pamba na vipande vya mabati, na Assumani haanzi kuziba mpaka safari ibakize siku tatu. Leo ni Jumatano. Basi boti linavuka Jumamosi.

Mji mzima wa Baraka ulikuwa umesikia nyundo hiyo. Ulikuwa mwaka elfu mbili, na vita vya pili vilikuwa havijaonyesha dalili ya kuchoka. Askari walikuwa mjini, wapiganaji wa msituni walikuwa milimani, na wiki ile vijiji vya barabara ya Fizi vilikuwa vimeteremka ziwani vyote: watu, mbuzi na masufuria. Mwenye nia ya kuvuka kwenda kambini Tanzania, huu ndio ulikuwa wakati wake. Hakuna aliyejua kama boti lingine lingekuwapo.

"Koko," Bienfait aliita kupitia ukuta wa matete. "Umesikia?"

"Mi si kiziwi."

"Ni Jumamosi."

"Basi safari njema, bwana yangu. Ukifika kule, unisalimie Georgette."

Koko Immaculée alikuwa bibi yake, mama wa mama yake. Kwa desturi ya kwao bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume wa utani, na hawa wawili walikuwa wameishi katika utani huo tangu Bienfait ajue kusimama. Georgette, mama yake Bienfait, alikuwa kambini tangu mwaka uliopita pamoja na watoto wadogo. Nyumbani walibaki wao wawili: kijana wa miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule isiyo na wanafunzi, mwenye hasira za kuwaka upesi kama nyasi za kiangazi, na mwanamke wa miaka sitini na minne aliyekataa kupanda boti.

Alitoka, akamkuta uani anamenya mihogo, amenyoosha miguu yote miwili.

"Juu ya nini hautaki, Koko? Niambie leo. Usinipe tena maneno ya magoti."

"Magoti inauma."

"Koko!"

Kisu kilisimama juu ya muhogo. Bibi alimtazama mjukuu wake muda mrefu, kama mtu anayepima kama mzigo huu atauweza.

"Ile mara ya kwanza tulikimbia, mwaka wa tisini na sita," alisema, "tulifika kule, bakatupanga mulolongo. Kulikuwa kijana ku meza, na karatasi yake. Akaniuliza, jina? Nikasema. Akaniuliza, jina la baba? Nikasema sijue. Akasema, bibi, kila mutu iko na baba. Nikasema, mi nilijikuta tu misioni, masista bananilea. Basi akapiga mustari." Akachora mstari mfupi ardhini kwa ncha ya kisu. "Mahali ya baba yangu, Bienfait, mustari. Na bamama benye balikuwa nyuma yangu bakacheka. Moja akasema: huyu njo mutoto wa katekista."

Bienfait aliijua habari hiyo. Hakuna aliyekulia Baraka asiyeijua. Wazee walisema kwamba Immaculée hakuwa yatima wa kweli. Walisema katekista Alfonsi, mtu wa sala na rozari, alimzaa gizani na mwanamke asiyetajwa, akamficha katikati ya mayatima wa misioni. Bienfait alikuwa amevunja jino la kijana mmoja shuleni kwa ajili ya neno hilo.

"Na we unajua bintu ya kilio," Koko aliendelea. "Mwanamuke wa kwetu akikufa, banamulilia na ukoo ya baba yake. Banamuita na majina ya kule alitokea, mupaka anafika. Mi nimelilia batu wangapi hivyo? Lakini mi mwenyewe, batanililia na nini? Batanililia kama mbuzi. Meee!"

Alicheka. Bienfait hakucheka.

"Hapa, hata bakikosa jina, hii udongo inanijua. Kule haijue mi ni nani. Mi sipande boti na mustari."

"Na nikikuletea jina?"

"Utalitoa wapi? Utaliokota sokoni na dagaa?"

"Nikikuletea jina mbele ya Jumamosi, utapanda?"

"Leta kwanza," alisema Koko, na kurudi kwenye mihogo yake.

*

Mapadri walikuwa wameondoka. Aliyebaki na vitu vya parokia ni Muzee Eugène, sakristani, ambaye pia ni seremala wa majeneza, kazi ambayo miaka ile haikumwachia nafasi ya kukaa. Bienfait alimkuta anapiga randa. Alipomweleza anachotafuta, mzee alitoka akaangalia barabara juu na chini, akarudi, akaenda moja kwa moja kwenye jeneza dogo kuliko yote, lililokuwa kwenye kona, limekwisha kupakwa rangi. Aling'oa misumari miwili.

"Askari balikuya hapa mara ine," alisema. "Balifungua masanduku, balifungua magunia, balifungua hata sufuria ya mboga ya sombe. Hii hapana. Hakuna mutu anafungua sanduku ya mutoto."

Ndani yake, vimefungwa katika turubai, vilikuwa vitabu vya ubatizo vya miaka sitini na zaidi.

"Utasoma hapa hapa," Eugène alisema. "Hautoke nacho. Na usiandike kitu. Bakikukuta ku barrage ya askari na karatasi ya majina ya batu, hautapata nafasi ya kueleza. Weka mu kichwa."

Walitafuta kwa kidole, mwaka hadi mwaka. Mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na sita, mwezi wa kumi na moja. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Bienfait aliona jina. Immaculée, mtoto wa kike. Mama: hakuna kitu. Baba: Alphonse, katekista.

Damu ilimpanda. Basi ilikuwa kweli. Yule kijana wa shuleni alipoteza jino bure. Alikifunga kitabu kwa kishindo mpaka vumbi la mbao likaruka.

"Mushenzi! Alifundisha batu amri kumi, yeye mwenyewe..."

"Polepole!" Eugène alikiwekea kitabu mkono kama anayemkinga mtoto. "Hii kitabu imepita vita mbili, na we njo utaivunja? Hausome, Bienfait. We unatafuta mutu wa kupiga. Fungua tena. Soma ukurasa yote."

Bienfait alifungua tena, midomo imekaza. Juu ya Immaculée kulikuwa na Jérémie. Baba: Alphonse, katekista. Chini yake Adolphine. Baba: Alphonse, katekista. Kisha Félicité, Alphonse. Kidole kilishuka polepole, kikageuza ukurasa, kikaendelea. Alihesabu, akahesabu tena.

"Kumi na moja," alisema.

"Batoto kumi na moja mu wiki moja," alisema Eugène. "Hata kama alikuwaka na nguvu ya ng'ombe dume wa Bibokoboko, wiki ni siku saba tu."

Bienfait alijikuta anacheka, na kicheko kilipokwisha macho yake yalikuwa yamelowa. Hakujua kwa nini.

Eugène alikaa juu ya jeneza. "Baba yangu alikuwaka mwashi wa misioni. Alinielezaka. Ulikuwa mwaka wa ndui. Nyumba moja, batu saba, asubui unakuta mutoto peke yake analilia katikati ya bamaiti. Banabaleta misioni. Padri mwenyewe alilala na homa, Alfonsi njo alishika kalamu. Alifika mahali ya baba, desturi ilikuwa kuandika 'hajulikani'. Alikataa. Alisema, mutoto ataulizwa hii neno mupaka atazeeka. Akaandika jina lake. Yeye na muke yake habakuzaa hata moja."

"Kumbe alibahurumia."

"Alibahurumia sana. Lakini hakutazama mbali."

Bienfait hakuuliza maana ya neno hilo, kwa sababu macho yake yalikuwa yamenasa kitu kingine. Pembeni mwa ukurasa, nje kabisa ya mistari, kulikuwa na maandishi madogo ya kalamu ya risasi, yaliyofifia kama kucha iliyopita juu ya karatasi. Kila mtoto alikuwa na lake. Kando ya Jérémie: Lweba, nyumba ya mvuvi. Kando ya Adolphine: njia ya Fizi, hakuna aliyebaki. Kando ya Immaculée aliinamisha kichwa mpaka pua ikagusa kitabu.

*Kutoka mkononi mwa Mwalimu Jafari, Baraka, mtaa wa msikiti.*

Aliyasoma mara tano, akafumba macho, akayasema kimoyomoyo. Kisha Muzee Eugène akarudisha vitabu kwenye jeneza na kupiga misumari yake miwili.

*

Koko alisikiliza habari yote bila kumkatiza. Mihogo ilikuwa imekwisha, lakini hakuachia kisu.

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Nisomee majina."

Bienfait aliyasema kama alivyoyahifadhi, kutoka juu. Alipofika la tatu Koko aliinua mkono.

"Jérémie pia?"

"Jérémie pia. Alitoka Lweba, kwa muvuvi. Unamujua?"

Kuku alipita kati yao, akadonoa maganda, akaondoka. Koko alikuwa anatazama mikono yake.

"Mwaka wa makumi tano na ine," alisema, "Jérémie alileta jembe na mbuzi kwa masista. Juu yangu. Nilikuwa na miaka kumi na munane. Nilishonewa tayari nguo ya arusi. Padri mupya, ule wa ndevu nyekundu, akafungua kitabu kutafuta ubatizo yetu. Akatuangalia. Akasema, beye ni batoto ba baba moja, hii ni zambi kubwa. Akafunga kitabu. Alfonsi alikuwa amekufa zamani, hakuna wa kusema hapana. Njo pale batu balianza kusema mi ni mutoto wake wa kweli. Mbele ya pale hapakuwa hata neno." Akapumua. "Jérémie alienda kufanya kazi ya treni ku Albertville. Hakurudi. Miaka makumi ine na sita, Bienfait, mu sala ya mangaribi namuitaka ndugu yangu."

"Koko. Pole."

"Babu yako alikuwa mutu mwema sana, usiende kusema nilisema maneno ingine." Alijifuta pua kwa kona ya kitenge. "Lakini Jérémie alijuaka kucheka. Alikuwa anacheka na mabega."

Bienfait alihisi hasira ikirudi, na safari hii hakujua aielekeze wapi. Padri alisoma safu ya baba, hakusoma pembeni. "Ni kosa ya Alfonsi," alisema.

"Wacha Alfonsi. Alitupenda mbio-mbio, kama mutu anatoa bintu mu nyumba inawaka." Akainua macho. "Sasa, Mwalimu Jafari. Unajua nyumba yake ni gani? Ni pale banapiga nyundo. Assumani ni mujukuu yake."

*

Asubuhi ya Alhamisi boti lilikuwa limelazwa ubavu katika uwanja wa Assumani, tumbo lake jeusi kwa lami. Assumani mwenyewe, mwanamume mnene mwenye kofia ya kufuma, alimwona Bienfait akacheka.

"Mwalimu! Nafasi mbili, yako na ya bibi yako. Kama unakuya kuniambia amekataa tena, mahali yake natia magunia, magunia haina kiburi."

"Nakuya kuuliza juu ya babu yako, Papa Assumani. Mwalimu Jafari. Mu mwaka wa ndui..."

Kicheko kilikatika. Assumani aliweka nyundo chini na kusogea karibu. "Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu."

"Mwezi uliopita kijana alikuya hapa, mutaratibu kama we, anauliza majina ya bababu na ukoo yao. Wiki ya nyuma tulizika batu babili. Nakuuliza tena: nani alikutuma?"

"Unaniita mupelelezi?" Bienfait alijisikia anasimama kwa vidole. "Mi? Mbele ya batu? Rudia hiyo neno!"

"Sikulisema. We njo umelisema."

Mafundi wawili walikuwa wameshaacha kazi na kusogea, mmoja ameshika patasi, na Mungu ndiye anayejua pangeishia wapi kama sauti isingetoka ndani ya nyumba.

"Nani anabomoa nyumba yangu na kelele?"

Alikuwa Mama Jamila, mama yake Assumani, binti wa mwisho wa Mwalimu Jafari aliyebaki hai. Alikuwa na miaka sabini, mwembamba, kichwa kimefunikwa kitambaa cheupe, na alishika mlango kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama Jamila. Niko natafuta kwao bibi yangu. Kitabu ya misioni inasema mutoto alitoka mu mikono ya Mwalimu Jafari, mwaka wa ndui. Bibi yangu anaitwa Immaculée."

Mama Jamila alifikiri. "Simujue Immaculée."

Bienfait aliinamisha kichwa. Basi ilikuwa imeishia hapo.

"Hapa hapakutoka Immaculée," mama yule alisema polepole, kama anayepapasa kitu gizani. "Hapa alitoka Mauwa."

Alishuka ngazi moja, kisha ya pili.

"Nilikuwa na miaka sita. Mutoto wa Dada Saumu, mi njo nilikuwa nabeba. Mauwa. Kichwa yake ilikuwa inanuka mafuta ya mawese. Siku moja nikaambiwa amepelekwa misioni. Ile wiki baba akakufa, na mi bakanivusha Ubwari kwa bashangazi. Nilirudi hapa nimeolewa. Kitu ya kwanza, nilienda misioni nikauliza: Mauwa iko wapi? Padri akafungua kitabu. Akasema: hakuna Mauwa. Basi nikajua alikufa. Kila mwaka tukisoma hitima ya bamaiti ba hii nyumba, namutaja. Saumu, bwana yake, na Mauwa. Miaka yote namusomea na bamaiti."

"Mama," alisema Assumani, "huyu anaishi pale nyuma ya soko. Si ule mama wa mihogo? Unamununuaka mihogo!"

"Namununuaka mihogo," Mama Jamila alirudia, na akakaa ghafula kwenye ngazi.

Alipoinuka aliingia ndani akatoka na daftari lenye jalada la ngozi, limezungushiwa kitambaa. Baba yake alikuwa akiandika ndani yake ndoa alizozifungisha na watu aliowazika, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Bienfait alinyoosha mkono. Mama Jamila hakumpa.

"Hauwezi kusoma hii mandiko. Na mi sitakusomea. Haya maneno iko na mwenyewe. Kesho, bakitoka sala ya Ijumaa, nitakuya kumusomea kwa mudomo yangu."

*

Koko hakulala mchana wa Ijumaa kama desturi yake. Alioga, akavaa kitenge cha Noeli, akatandika mkeka, akautandika upya. Mama Jamila alipoingia uani, na Assumani nyuma yake amebeba daftari, wanawake hao wawili walisimama wakitazamana. Walikuwa wamepeana mihogo na salamu miaka mingi. Sasa hakuna aliyejua aanze na mkono upi.

"We njo Mauwa?" Mama Jamila aliuliza.

"Banasema."

"Ulinikojolea mu mugongo. Kila siku. Nguo yangu ya Idi uliiharibu."

"Nisamehe, Dada," alisema Koko, na sauti ikamvunjika katikati ya kicheko. Mama Jamila alimkumbatia, na wakakaa hivyo mpaka Assumani akageuka kutazama ukuta.

Kisha wakaketi. Mama Jamila alifungua daftari mahali palipowekwa uzi, akasoma kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kusoma mbele ya watu:

"'Mimi Jafari bin Ramazani naandika kwa mkono wangu. Saumu, niliyemlea tangu alipobaki yatima Ubwari, nimemwoza kwa Lwaboshi wa Lulimba, wa ukoo wa Basikasilu, mtu mrefu, fundi wa kuchonga makasia. Hakuingia dini yetu, nami sikumlazimisha. Alitoa majembe mawili na mbuzi mmoja, akatimiza kila alichosema. Wamepata mtoto wa kike, wakamwita Mauwa. Mwezi wa Shaabani Saumu amekufa kwa ndui siku ya Jumatatu, Lwaboshi siku ya Jumatano. Nimewazika nyuma ya nyumba yangu, bega kwa bega. Mtoto nimempa Alfonsi wa misioni, kwa kuwa nyumba yangu ina ndui na yake haina. Baba yake kabla ya kukata roho alimshika mguu, hakutaka kumwachia, nami nilimfungua kidole kimoja kimoja. Akija siku moja kuuliza, aambiwe kwamba hakutupwa.'"

Baada ya hapo daftari lilikuwa tupu. Jafari mwenyewe alikufa Ijumaa iliyofuata.

Mkono wa Koko ulikuwa umeshuka bila yeye kujua, umeshika kifundo cha mguu wake wa kulia.

"Soma tena," alisema. "Pale ya mutu mrefu."

Mama Jamila alisoma tena.

"Lwaboshi," Koko alisema. Akalisema tena, taratibu, kama anayeonja chumvi ya mboga. "Lwaboshi wa Lulimba. Basikasilu." Akamgeukia mjukuu wake. "Bienfait, mi ni Musikasilu. Unasikia? Mi ni mutoto ya ndoa. Baba yangu alikuwa mutu mrefu!"

"Njo maana mi ni mrefu, Koko."

"We? We ni mufupi kama babu yako."

Wote walicheka, hata Assumani. Bienfait alihisi kifua chake kimejaa. Alikuwa ameleta jina, na bado siku moja. Alianza kuhesabu moyoni vya kufunga: sufuria moja, mkeka, unga.

"Na beye balilala wapi?" Koko aliuliza. "Bazazi wangu. Inaonekana leo?"

"Inaonekana," alisema Mama Jamila. "Mi njo nafagiaka."

Koko alisimama. Magoti hayakutajwa. Alitembea mbele yao wote kupita soko, kupita msikiti, mpaka nyuma ya nyumba ya Assumani ambako mawe mawili ya ziwani, meupe, yalikuwa yamelala kando kwa kando chini ya michikichi. Aligusa moja, kisha lingine. Akaketi kati yake, akanyoosha miguu yote miwili kama alivyokuwa akiketi uani kwake.

"Sasa mi sipande tena hata kidogo," alisema.

Bienfait alidhani amesikia vibaya. "Koko, uliniambia nilete jina!"

"Na umeleta, bwana yangu, Mungu akubariki. Nimekaa miaka makumi sita na ine bila baba na mama. Nimebapata leo saa nane. Unataka nibaache kesho?"

"Batakuua hapa!"

"Nitakuwa mahali pazuri."

Alitaka kupiga kelele. Alifungua mdomo, na wakati huo huo, mbali upande wa mto Mutambala, mizinga ilinguruma mara mbili, na ndege wakaruka kwenye michikichi. Watu wote wanne walinyamaza wakisikiliza kama kutakuwa na ya tatu. Haikuwapo. Bienfait aliona mkono wa bibi yake umeshika jani la nyasi, na jani linatikisika. Hasira zote zilimtoka. Alipiga magoti mbele yake mavumbini.

"Koko, mi siwezi kukuacha. Ukibaki, nabaki. Na mama kule anahesabu siku. Sina maneno ingine."

Koko alimtazama.

Mama Jamila ndiye aliyezungumza. "Mauwa. Mi ni muzee wa kuvuka maji, sitoke hapa. Nilifagia hapa nikizani umekufa. Sitashindwa kufagia nikijua uko muzima. Enda na mutoto yako. Hapa niko mi."

"Na nikikufia kule, Dada?"

"Muulize bwana yako."

Koko alinyoosha mikono miwili, akamshika Bienfait masikio yote mawili, kama alivyokuwa akimshika utotoni alipotaka asikie vizuri.

"We uko na mudomo mukubwa," alisema. "Unapigana juu yangu tangu ulikuwa mudogo. Sasa sema hapa. Usiniambie mi tu. Sema kwa nguvu, bazazi wangu basikie, na huyu mama, na Assumani wa boti. Nikikubali kupanda, utanifanyia nini?"

Bienfait alisimama. Aliyatazama mawe mawili meupe, akayageukia kama mkwe anavyowageukia wazee, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka mafundi kwenye boti wakaacha kazi.

"Papa Lwaboshi, Mama Saumu! Mi ni Bienfait, mutoto wa Georgette, mujukuu wa Mauwa. Namuchukua mutoto wenu kesho, namuvusha maji. Akiishi, nitamurudisha hapa na miguu yake. Akikufia kule, sitamuacha mu udongo ya wengine: nitamurudisha na mikono yangu, hata ikibaki mifupa tu, na nitamulaza hapa katikati yenu. Nimesema, na batu bamesikia."